Kipande cha Ikasu

Jumamosi ile, kama Jumamosi nyingine zote tangu amzike mumewe bila mwili, Subilaga Mwasandube aliingia kwenye gari pale Mwanjelwa, akafunga mlango, akaanza kubishana na Mwenyeji, ile sauti ya mle garini.

"Tukuyu," alisema.

"Tukuyu, sawa, Bi. Subilaga. Tutapita njia kuu."

"Nipitishe Ikasu."

"Njia ya Ikasu imelala. Njia kuu ina mvua kidogo, lakini tutafika mapema."

"Nimesema nipitishe Ikasu."

"Nimeelewa kwamba unaipenda njia ya Ikasu," Mwenyeji alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chai bila kutaka kumuudhi aliyeipika. "Tutapita njia kuu."

Gari likaondoka. Hakukuwa na usukani wa kushika. Usukani uliondolewa kwenye magari yote wakati Lugano, mwanawe wa pekee, akiwa bado anasoma shule ya msingi, na sasa Lugano alikuwa mtu mzima anayefanya kazi Dodoma. Watu walishazoea. Ukipelekwa kila mahali kwa miaka mingi, unasahau kwamba zamani mtu alikuwa akikata kona kwa mkono wake, akikosea kwa mkono wake.

Subilaga alisubiri wapite Uyole, ndipo akasema, "Kabla ya Tukuyu nina shida sehemu tatu. Niweke zahanati ya Ikasu. Halafu kanisa la Ikasu. Halafu josho la ng'ombe."

Mwenyeji akavihesabu. "Vituo vitatu. Sawa. Gari litapita kipande cha Ikasu."

Huo ndio uliokuwa ujanja wake, aliougundua mwenyewe baada ya kushindwa mara nyingi. Kituo kimoja hakikutosha. Mwenyeji alimfikisha, akamrudisha nyuma kwa njia ileile mpaka njia kuu. Viwili pia alivikwepa. Lakini ukivipanga vituo vitatu kama shanga, kimoja huku, kingine pale, cha tatu kule mbele, uzi unakosa pa kupita pengine. Mwenyeji hakuweza kukataa shida ya mtu. Alichoweza kukataa ni hamu yake tu.

Kwa hiyo kila Jumamosi gari lilisimama mbele ya zahanati iliyofungwa, mlango ukafunguka, hakuna aliyeshuka, mlango ukafungwa. Kanisani vivyo hivyo. Joshoni vivyo hivyo. Watu wa Ikasu waliokuwa wakipalilia viazi waliinua vichwa kuliangalia gari linalomfungulia mlango mtu asiyeonekana. Kwao hata gari lenye tabia za ajabu lilikuwa gari.

Lakini kabla ya vituo vyote vitatu, upande wa juu, ilikuwepo kona ambayo Subilaga hakuiorodhesha popote. Pale alisema tu, "Simama," na gari likasimama.

Hapo ndipo mlima uliposhuka. Asegelile, mumewe, alikuwa bwana mifugo, na siku hiyo alikuwa akienda kuchanja ng'ombe wa Ikasu. Udongo ulikuja na migomba yake, ukalibeba gari, ukalifukia. Walichimba siku nyingi. Mwishowe wakuu wakakaa, wakasema eneo hilo litahesabiwa kuwa kaburi, likaombewa, kisha matingatinga yakasawazisha kifusi na lami mpya ikamwagwa juu yake. Njia ikarudishwa kwenye ramani. Ila hakuna aliyeipita tena, nayo ikalala.

Subilaga alishuka, akasimama kando ya lami. Alikuwa na yai la kuchemsha kwenye mkoba, akalimenya, akalila lote. Alingoja. Kila Jumamosi alingoja hivyo, kama mtu aliyebonyeza kengele ya nyumba asiyokuwa na hakika kama ina watu. Hakuna kilichokuja. Si kilio, si hasira. Baada ya muda akapanda gari.

Walipofika makutano ya chini, pale kipande cha Ikasu kinapoungana tena na njia kuu ya Tukuyu, Mwenyeji akauliza kama alivyouliza kila mara, "Kipande cha Ikasu kilikuwa salama?"

"Salama," Subilaga akasema.

Alijibu kama watu wanavyojibu wakiulizwa habari za nyumbani, hata kama nyumba inaungua.

*

Mwenyeji hakuwa mtu, wala hakuwa gari. Alikuwa akili moja iliyoyaongoza magari yote ya nchi, ya abiria na ya mizigo, ya wagonjwa na ya maharusi. Barabara kubwa alizijua kwa vipimo vilivyofukiwa chini ya lami. Hizi ndogo zisizo na vipimo alizijua kwa kuuliza. Ukipita anakuuliza, na jibu lako linaingia kwenye mizani yake. Njia inayosifiwa huamka, naye huanza kuwapeleka watu huko bila kuwaambia sababu. Njia isiyopitwa hulala. Na njia ambayo mtu ametamka kwamba ina hatari hufungwa, na ikifungwa hata ujanja wa vituo hauifungui, mpaka mkaguzi aende kwa miguu yake akaone.

Subilaga alilijua hilo kama kila mtu alivyolijua. Alikuwa mpima macho katika kliniki ya Mwanjelwa, mtu wa kuuliza "hii ni wazi zaidi au hii?" kutwa nzima, na alijua kwamba majibu ya watu hujumlishwa. Ila hakuwahi kuliunganisha na lile neno lake la kila Jumamosi. "Salama" ilikuwa kama nauli. Ukiitoa, unapita.

Ndipo Jumamosi moja akaliona gari lingine nyuma yake. Wiki iliyofuata yakawa manne. Lori la maziwa lilikuwa limesimama karibu na josho, na akina mama waliozoea kubeba ndoo kichwani mpaka njia kuu walikuwa wakimimina maziwa papo hapo, wakicheka kwa sauti. Mtu mmoja alikuwa amefungua zahanati, anafagia.

Gari lake liliposimama kanisani na mlango ukafunguka, safari hii palikuwa na mtu aliyeusubiri. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kitenge cha kijani na ndizi mbivu mkononi, aliinama akachungulia ndani.

"Ndaga, dada," alimsalimu kwa lugha ya huko, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi. "Ni wewe unayepita Jumamosi?"

"Ni mimi."

"Naitwa Tupokigwe. Mwenyekiti wetu, Mzee Gwamaka, alimuuliza Mwenyeji nani aliyeiamsha njia. Jina hakulitaja, lakini alisema ni abiria mmoja anayepita kila Jumamosi asubuhi. Nikasema huyo ni yule dada wa mlango." Akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Njoo umsalimie mama. Ni hapa tu."

Subilaga hakuwa na sababu ya kukataa wala ya kukubali. Akashuka, na wakitembea akasema yeye ni mjane wa yule bwana mifugo wa kona ya juu.

Mama yake Tupokigwe, Bibi Kisa, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba barazani, miguu imevimba, uso mwembamba. Figo zake zilikuwa zimekufa. Kila Jumanne na Ijumaa ilimlazimu afike hospitali ya Tukuyu kusafishwa damu. Njia ilipokuwa imelala, gari la wagonjwa liliishia makutano ya chini, kwa sababu lilikuja tupu, bila abiria wa kulitajia kituo, nalo lilimsikiliza Mwenyeji, na vijana walimshusha bibi kwa machela mabegani, mvua au jua. Vindege vya dawa vilifika Ikasu kwa anga na kudondosha vifurushi, lakini damu ya mtu haisafishwi kwa kifurushi.

"Sasa gari linakuja mpaka hapa," Tupokigwe alisema, akionyesha nyasi zilizolazwa na magurudumu mbele ya baraza. "Mlangoni kabisa. Mama anapanda kama bibi harusi."

"Mwanangu," Bibi Kisa alimwambia Subilaga, akimshika mkono kwa mikono yake miwili iliyopoa. "Mungu akupe ulichompa mtu."

"Asante, mama," Subilaga alisema.

Alipewa ndizi. Akaziweka kitini pembeni yake, akazifikisha nyumbani, zikakaa mpaka zikawa nyeusi juu ya meza.

*

Masika yalikuja kwa nguvu mwaka ule. Huko Rungwe mvua hainyeshi, inamwagwa, na milima yote ilikuwa ikivuja maji kama kitambaa kilichotolewa kwenye beseni.

Jumamosi ya ufa, Subilaga alisimama kwenye kona yake kama kawaida. Alikuwa ameshika mwavuli. Aliona mstari mweusi unaokatiza lami kutoka ukingo wa mlima hadi ukingo wa bonde, umejipinda kama mshono uliofumuka. Akachutama. Akashusha ncha ya mwavuli ndani. Ukazama hadi kwenye mpini.

Aliinua kichwa kuangalia juu. Migomba ya mteremko ilikuwa imeinama yote upande mmoja, kama waumini wakati wa sala, na nyuma yake kulikuwa na mpasuko mwingine ambamo udongo mwekundu ulionekana mbichi.

Gari lilikuja kutoka nyuma. Lilikuwa la kwaya. Vioo viko wazi, wanaimba sauti nne, mwanamke mmoja akampungia mkono. Magurudumu yakapita juu ya ufa. Tup. Tup. Wakaendelea kuimba hadi kona ikawameza.

Subilaga alijichunguza kama anavyochunguza jicho la mgonjwa. Alijua kwamba anapaswa kuogopa. Aliuona woga ule mahali pake, kama kitu kilicho nyuma ya kioo, lakini haukumfikia. Alichofikiri, na alikifikiri taratibu, ni kwamba wale wanakwaya hawakuichagua njia hii. Walipandishwa gari, wakapelekwa. Na aliyewapeleka aliambiwa "salama" na yeye mwenyewe.

Alipanda gari, likashuka Ikasu, na lilipofungua mlango kanisani akatoka, akaenda barazani kwa Bibi Kisa.

Tupokigwe alikuwa akimkanda mama yake miguu. Alinyanyuka kwa furaha, kisha akaona sura ya mgeni.

"Kuna nini, dada?"

"Mlima umepasuka. Pale juu, kwenye kona. Mwavuli umezama wote."

Tupokigwe alichukua kitambaa, akafuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Umeshamwambia Mwenyeji?"

"Bado. Atauliza nikifika makutano."

"Na utamwambia nini?"

Subilaga akakaa kwenye ngazi ya baraza. Mvua ilikuwa imepungua. Kuku walianza kutoka chini ya ghala.

"Ufa uko juu huko," Tupokigwe alisema kwa haraka. "Mama haendi juu. Mama anashuka chini, anakwenda Tukuyu. Huko chini barabara ni nzuri, wewe mwenyewe unaiona. Mwambie juu ni kubaya, chini ni kuzuri. Si ndivyo ilivyo? Si ndiyo kweli yenyewe?"

Lilikuwa jambo la akili. Wakatoka wote wawili mpaka garini. Subilaga akaingiza kichwa mlangoni.

"Mwenyeji. Nikisema upande wa juu wa Ikasu si salama, na upande wa chini ni salama, utafanyaje?"

"Kipande cha Ikasu hakina makutano katikati, Bi. Subilaga. Kinajibiwa chote."

"Lakini chini hakuna shida yoyote."

"Nimeelewa. Kinajibiwa chote. Ukiona hatari, unaweza kuomba mkaguzi."

"Mkaguzi atakuja lini?"

"Barabara zenye wasafiri wengi hukaguliwa kwanza."

"Na barabara iliyofungwa ina wasafiri wangapi?" Tupokigwe aliuliza.

"Barabara iliyofungwa haina wasafiri," Mwenyeji alisema.

Wanawake wale wawili walisimama kwenye manyunyu. Tupokigwe alianza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka pamoja na mvua.

"Nisikilize, dada. Hao wanaopita hawatujui. Wamepitishwa hapa leo, kesho watapitishwa kwingine, wala hawatajua kama waliwahi kupita Ikasu. Sisi tunaishi hapa. Kunyamaza tu ndiko ninakokuomba. Si kusema uongo. Nyamaza mpaka mvua ziishe."

"Nikinyamaza, majibu ya zamani yanabaki. Yale ya kwangu. Ataendelea kuwaleta."

"Basi alete!" Tupokigwe akasema, kisha akashika mdomo wake. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Ulipokuwa unamtaka mume wako, ulisema salama. Kila wiki ulisema salama, na hukutuuliza sisi, wala hukuwauliza hao wapitao. Leo unataka kusema si salama. Kwa ajili ya nani?"

Subilaga aliliangalia swali lile kama alivyouangalia ufa.

Ndipo Bibi Kisa alipowaita kutoka barazani. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Msije kuniuliza mimi," alisema walipomkaribia. "Nawaona mnavyoniangalia. Mkiniuliza nitasema nataka kuishi, na hilo mnalijua bila kuuliza. Nenda, mwanangu. Mvua inarudi."

*

Gari liliteremka polepole. Upande wa chini barabara ilikuwa nzuri kweli. Lami laini, mifereji safi, mashamba ya chai yakiwa yamesimama kijani kibichi pande zote mbili. Subilaga aliketi mikono magotini.

Alijaribu kumfikiria Asegelile. Alijaribu kumuuliza kichwani, kama wajane wanavyofanya. Asegelile hakusema lolote. Katika maisha yake pia hakuwa mtu wa kutoa ushauri. Alikuwa mtu wa kushika mkia wa ng'ombe na kusema, "Tulia, tulia, imeshaisha."

Makutano.

"Kipande cha Ikasu kilikuwa salama?" Mwenyeji akauliza.

Subilaga akanyamaza.

Gari halikuondoka. Mwenyeji alikuwa na subira ya mawe. Matone yalikimbizana kwenye kioo.

"Bi. Subilaga, kipande cha Ikasu kilikuwa salama?"

Gari dogo la kijivu lilikuwa likitokea njia kuu, limewasha taa ya kuingia Ikasu. Lilipita karibu yake sana, kiasi kwamba aliwaona waliomo. Mwanamume amelala mdomo wazi, na kifuani mwake mtoto mdogo amelala pia, shavu limebanwa kwenye shati, kiatu kimoja kimemvuka. Hawakujua wako wapi. Gari liliwachukua wakiwa usingizini na kuwapandisha kuelekea pale mwavuli ulipozama hadi mpini.

"Si salama," Subilaga alisema.

"Asante. Sababu?"

"Ufa. Kwenye kona ya juu, pale palipoporomoka zamani. Na mlima wenyewe umepasuka."

"Asante, Bi. Subilaga. Kipande cha Ikasu kimefungwa."

Palepale gari la kijivu likasimama, kabla hata halijamaliza kona. Taa zake zikabadilika. Likarudi nyuma taratibu, likageuka, likashika njia kuu. Yule mwanamume alikuwa ameamka kwa kule kutikisika. Alimtazama Subilaga kupitia vioo viwili, amekunja uso, kama mtu aliyecheleweshwa na jambo lisilomhusu. Akamvisha mtoto kiatu. Wakaenda zao.

Subilaga alitazama barabara tupu ya Ikasu ikipanda ndani ya ukungu. Alingoja tena kilichokuwa kije. Alisikia kiu tu.

*

Jumanne iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda. Gari lilimwacha makutano ya chini, halikutaka kuongeza hata hatua, akapanda kwa miguu njia ya mkato hadi Ikasu, viatu vimejaa tope. Lori la maziwa halikuwepo. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na ndoo kichwani alimpisha bila kumsalimu, na huko mtu kukupita bila salamu ni kama kupigwa kofi.

Walikuwa wameshamlaza Bibi Kisa kwenye machela, wamemfunika turubai. Tupokigwe alimuona, akaangalia pembeni. Vijana wanne walinyanyua. Subilaga alisimama tu hapo, hajui aweke wapi mikono yake, mpaka mzee mmoja mwenye koti refu, Gwamaka mwenyekiti, akasema bila kumtazama, "Shika huku nyuma, mama. Mbele kunateleza."

Akashika. Mti wa machela ulikuwa umelowa na mzito, ukamkata bega. Walishuka kwa njia ileile ya mkato, wakipumzika kila kwenye mti mkubwa. Bibi Kisa hakuongea, ila mara moja turubai lilipofunguka aliona ni nani aliyembeba, akasema, "Wewe una bega la kulia zuri," akafumba macho.

Ilikuwa hivyo Jumanne na Ijumaa. Subilaga alituma maombi ya mkaguzi, akatuma tena, na kila mara alijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Lugano alimpigia kutoka Dodoma, akasema, "Mama, umefanya sahihi, usijitese." Yeye akasema, "Sijitesi," na ilikuwa kweli. Alibeba machela kama anavyopima macho. Ilikuwa kazi iliyopo.

Msimu wa kulima ulipokolea vijana wakapungua. Siku nyingine walikuwa watatu na yeye. Siku moja mto wa huko chini ulifurika, ukafunika daraja, wakashindwa kuvuka, wakamrudisha bibi nyumbani. Ijumaa iliyofuata wakafika wamechelewa, mashine amepewa mwingine. Miguu yake ikavimba hadi mapajani. Na asubuhi moja, machela ikiwa tayari mlangoni, Bibi Kisa alisema hashuki tena. Tupokigwe alimsihi, Mzee Gwamaka alimsihi. Alisema amechoka kuona vijana wanateleza kwa ajili yake, na kwamba anataka uji.

Akaletewa uji. Alifariki wiki ileile.

*

Alizikwa nyuma ya nyumba, chini ya anga lililoanza kuwa jeupe, kwa maana masika yalikuwa yakikatika. Subilaga alikuja akakaa kwenye majani na wanawake wengine. Hakuna aliyemfukuza. Mtu fulani alimpa sahani ya wali na maharage, akala, kwa kuwa msibani kukataa chakula ni kukataa watu.

Siku chache baadaye Tupokigwe alimtumia ujumbe. Alitaka kwenda hospitali ya Tukuyu. Hakuwa na shughuli kule, ila kulikuwa na wagonjwa wanne waliokuwa wakilala kwenye vitanda vya jirani na mama yake wakati wa kusafishwa damu, wakisimuliana habari kwa masaa, na hakuna aliyewaambia kwa nini Bibi Kisa haonekani. Je, dada angeweza kumsubiri makutano?

Akamsubiri. Tupokigwe alitokea akitembea, amevaa kaniki, amebeba viatu mkononi. Alinawa miguu mferejini, akavaa viatu, akapanda. Mlango ukafungwa.

"Tukuyu, hospitalini," Subilaga alisema.

"Sawa, Bi. Subilaga."

Chai ilikuwa ikichumwa; vikapu vilitembea juu ya kijani kama vinajiendesha vyenyewe.

"Huwa unamuuliza Mwenyeji habari za kule juu?" Tupokigwe alisema mwishowe.

"Hana habari. Njia iliyofungwa hana habari nayo."

"Mimi nilipanda juzi. Nikaenda mpaka kwenye kona." Aliongea akitazama nje. "Ufa upo. Migomba imeinama vilevile. Mvua zote hizi zimenyesha, zimeisha, na mlima umesimama."

Subilaga aliitikia kwa kichwa.

"Pengine utasimama mpaka sisi sote tufe," Tupokigwe alisema.

"Pengine."

"Au pengine utaanguka wiki ijayo."

"Pengine, mdogo wangu."

Nje kulianza kuonekana nyumba za Tukuyu. Tupokigwe alitoa leso, akaikunja vizuri kwenye mapaja yake, akaikunjua, akaikunja upya. Kisha akamgeukia Subilaga, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mvua akamtazama machoni, bila chuki, wala bila kitu kingine chochote ambacho Subilaga angeweza kukipa jina.

"Siku mlima ukianguka, dada," alisema, "mimi nitausikia, maana ninaishi pale. Wewe sitakuambia."

Subilaga alihisi kile alichokuwa akikingoja kikija, kidogo, kikali, kama mwiba wa samaki. Alikimeza.

"Usiniambie," alisema.